Karoti za Mgeni

Mtaalamu alipokuja kutupima, tulimwoshea karoti.

Nalisema mapema nisije nikalizunguka, maana mimi kwa kuzunguka maneno nina kipaji. Habari yote ya viwango vya kazi, ya asilimia ubaoni na ya mama mdogo kuonekana mzembe, ilianza na kreti thelathini za karoti tulizoziosha siku moja kabla ya siku ya kuziosha. Aliyesema ziosheni ni mimi.

Nilikuwa kiongozi wa zamu kwenye banda la kufungashia mboga, katika kona moja ya barabara inayoteremka kutoka Lushoto kwenda Soni. Bado ndipo nilipo. Wakulima wanashusha karoti kutoka milimani, kichwani au kwa pikipiki. Sisi wanawake kumi na wawili tunazimwaga kwenye mabeseni, tunazisugua kwa brashi, tunachambua zilizopasuka, tunazipanga kwenye kreti za kilo kumi na tano, na saa tisa alasiri fuso linaondoka nazo kwenda Dar es Salaam. Kabla ya hapo niliuza mapeasi miaka sita pembeni ya barabara kule Mazinde. Abiria anatoa mkono dirishani, dereva anakanyaga mafuta, na wewe unakimbia na ndoo huku unahesabu. Huko ndiko nilikojifunza kuhesabu kila kitu mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mteja na mara ya pili kwa ajili yangu. Huko pia nilijifunza kwamba hakuna kinachotajwa ambacho hakiwezi kushushwa au kupandishwa kidogo.

Meneja wetu alitutangazia mwezi wa pili kwamba mtaalamu angekuja kupima kazi. Angeangalia kila hatua inachukua muda gani, kisha kila mmoja apewe kiwango, yaani idadi ya kreti anazotakiwa kumaliza kwa saa. Alieleza vizuri na kwa kirefu. Sisi tulisikia neno moja tu, kwamba anakuja mgeni.

Huku kwetu mgeni akitarajiwa ua unafagiliwa, na kikombe kisicho na ufa kinatafutwa hata kwa jirani. Basi saa kumi ya siku iliyotangulia, fuso likiwa limeshaondoka, nikawabakiza wenzangu. Nilichagua karoti zilizotoka bondeni, kwenye mchanga wa kando ya mto, zilizonyooka kama penseli. Tukaziosha, tukazianika juu ya magunia hadi zikakauka, kisha tukazirudisha kwenye viroba kana kwamba zimetoka shambani. Mwenzetu mmoja akauliza kama tuzipake udongo kidogo zisionekane zimenawa mno. Nikamwambia mgeni hapakwi udongo. Hakuna aliyefikiri tunadanganya. Tulikuwa tunafagia ua.

Mtaalamu alikuwa binti wa miaka ishirini na nane hivi, amevaa raba, na saa ya kubonyeza inaning'inia shingoni kama ya mwalimu wa michezo. Alitusalimia mmoja mmoja, shikamoo kumi na moja kwa kuwa mmoja wetu hakuwapo, hata yule wa mwisho ambaye alikuwa mdogo kwake na akaitikia marahaba huku anacheka. Tulimpenda hapo hapo. Siku hiyo tulifanya kazi kama watu wanaopika harusini, mikono mbele, maneno machache.

Kazi yake mwenyewe ilinivutia. Aliigawanya kreti moja vipande saba: kumwaga, kuosha, kukata ncha, kuchambua, kupanga, kupima uzito, kubeba. Kila kipande alikiandikia sekunde zake. Mwishoni aliongeza muda wa uchovu, wa kwenda haja na wa kunywa maji, na kwa wenzetu Waislamu akaweka swala ya adhuhuri bila mtu kumkumbusha. Miaka yote nilidhani katika wilaya nzima ni mimi peke yangu ninayehesabu vitu vya namna hiyo.

Kreti thelathini zilipokwisha, alininyanyulia karoti moja iliyokuwa bado ndani ya kiroba, safi, inang'aa.

"Mama, hivi ndivyo zinavyokuja kila siku?"

"Kila siku," nikamjibu.

Mama mdogo aliinua macho kutoka kwenye beseni lake, akanitazama, akainama tena.

Ninamwita mama mdogo kwa sababu ni mke wa marehemu mdogo wake baba. Alikuwa anakaribia sitini, na ndiye mkubwa wetu pale bandani. Shamba lake limesimama mlimani kama ukuta wa nyumba, na magoti yake yalishagoma kupanda huko, akamkodishia jirani. Kuosha karoti akiwa ameketi kwenye kigoda ndiyo kazi pekee ambayo mwili wake ulikuwa bado unakubaliana nayo. Nyumbani anaishi peke yake. Akitoka pale bandani, basi atakuwa amekaa. Nazungumzia kukaa kule ambako watu wanaanza kukuletea uji na kukuuliza kwa sauti kubwa kama umelala vizuri.

Kiwango kilitoka baada ya wiki mbili: dakika kumi kwa kreti. Kreti sita kwa saa, arobaini na mbili kwa siku ya saa saba za kazi. Meneja alipachika ubao mweupe ukutani ambao kila jioni ungeandikwa asilimia ya kila mtu, akasoma na utaratibu. Atakayekuwa chini ya themanini na tano kwa wiki tatu mfululizo atapumzishwa. Hilo ndilo neno alilotumia. Nimeona watu wengi wakipumzishwa maishani, na sijaona aliyerudi amepumzika.

Tulianza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu. Jumatano masika yakaingia.

Asiyejua udongo wetu nimweleze. Ukiwa mkavu unapangusa kwa kiganja na maisha yanaendelea. Ukilowa, ule mwekundu, haukai juu ya karoti, unaolewa nayo. Unajibana kwenye kila mkunjo, brashi inausambaza tu, maji ya kwanza yanakuwa kama chai ya maziwa, ya pili kama chai ya rangi, ya tatu ndiyo unaanza kuona kilichomo. Na maji ya tatu yanataka mtu aende bombani mara tatu.

Ijumaa yule mwepesi kuliko wote, dada wa miaka ishirini na tano mwenye mikono kama ya fundi chuma, alifikisha kreti thelathini na tano. Ubao ukamwandikia asilimia themanini na tatu. Mama mdogo alifikisha ishirini na nane. Sitini na sita na vipande vyake. Nilirudia ile hesabu, vipande havikuongezeka.

Wote tulikuwa chini. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila aliamini ubao kuliko madirisha. Nilipomwambia kuna mvua akasema mtaalamu ametuona kwa macho yake tukiosha kreti kwa dakika kumi, tena tukitabasamu. Akasema anajua hawezi kupumzisha watu kumi na wawili kwa mpigo. Ataanza na wa chini kabisa, wengine watajirekebisha wakiona. Aliye chini kabisa alijulikana. Alikuwa kwenye kigoda, akikunja magunia kwa ajili ya kesho.

Wiki ya pili nikafanya nilichokijua. Viroba vya karoti za mchanga, kutoka bondeni, nilivisogeza kimya kimya upande wa beseni la mama mdogo, na vile vya udongo mwekundu nikavigawa kwa wenye mikono ya ujana. Hawakulalamika, walijua. Jumanne asubuhi mama mdogo alimwaga kiroba, akatazama ndani ya beseni, akaniita kwa kidole.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Bondeni."

"Na wenzangu wanaosha za wapi?"

Nikaanza kupanga kreti zilizokwisha kupangwa. Akahamia Kishambaa, ambacho kati yetu ni lugha ya kusemana, na yaliyofuata mengine sitayaandika. Kisha akarudi kwenye Kiswahili ili beseni la jirani nalo lisikie.

"Wewe mtoto, usinipe karoti za mgeni. Mimi si mgeni hapa."

"Mama mdogo, zimebaki wiki mbili tu."

"Uliyemwambia yule binti 'kila siku' ni wewe. Nenda ukamwambie ilikuwa siku moja."

Akazirudisha kirobani zote, mbili mbili, huku akinitazama nione zinavyorudi. Ilimchukua dakika nne. Siku hiyo alifikisha kreti ishirini na saba.

Nilikuwa na sababu zangu za kutokwenda. Nikisema nimedanganya, kiongozi wa zamu anatafutwa mwingine, na mimi najikuta kwenye kigoda nikiandikiwa asilimia na mtu niliyemfundisha kushika brashi. Kwa hiyo nikapanga kwenda bila kwenda. Mtaalamu alitarajiwa kurudi Alhamisi ya wiki ya tatu kukagua kiwango kinavyofuatwa. Nikasema nitapatana naye tu, bila kuingiza habari za nani aliosha nini.

Nilimkuta kwenye kile kichumba cha mabati tunachokiita ofisi, anakunywa chai, makaratasi yetu yote mbele yake. Aliniamkia, nikaitikia, nikakaa. Nilikuwa nataka dakika kumi na nne kwa kreti. Kwa hiyo nikaanza na ishirini.

"Mama, sekunde hazipatani bei. Hizi si nyanya," akasema.

"Kila kitu ni nyanya, mwanangu. Inategemea umesimama upande gani wa meza."

Akacheka, lakini kalamu haikusogea. Nikaleta hoja yangu kubwa, ya salamu. Mabeseni yetu yamepangwa kwenye njia wanayoingilia wakulima, na wengi wao ni watu wazima. Mzee akipita na mzigo wake, kila mmoja wetu anatoa mikono majini, anamwamkia, anajibiwa, anaulizwa watoto. Huwezi kumwamkia mzee mikono ikiwa ndani ya maji machafu. Wiki ya kwanza tulijaribu kumwamkia mmoja kwa pamoja, kama darasa. Alitua kiroba, akasimama pale pale mpaka tulipoanza upya mmoja mmoja. Nikamwambia mtaalamu kwamba huo muda hakuuweka, na unatumaliza.

Akafungua ukurasa. Ulikuwepo. Wakulima kumi na wanane kwa siku, sekunde kumi na moja kila salamu, jumla dakika tatu na sekunde kumi na nane, na zilishaingizwa kwenye nyongeza. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Nikahesabu tena. Ilikuwa sawasawa. Nilikuja nikidhani nina gunia, nikafungua nikakuta ni kiganja.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Huyu binti hakuwa ametuibia hata sekunde moja. Kila alichokiona alikiandika, na kwa haki. Tatizo lilikuwa kile tulichomwonyesha.

Meneja akaingia na kikombe chake, akasimama mlangoni. Ningeweza kusubiri atoke. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na kupitia mlangoni nilikuwa namwona mama mdogo anakwenda bombani na ndoo, ndoo ya tatu ya kreti ile ile, mkono mmoja kwenye goti.

"Zile karoti ulizozipima," nikamwambia mtaalamu, "tulikuwa tumeshaziosha."

"Zipi?"

"Zote. Kreti thelathini. Jana yake jioni."

Alinitazama kama mtu anayetafuta utani ulipo.

"Kwa nini, mama?"

"Ulikuwa mgeni."

Aliweka kalamu chini. Kisha akasema bibi yake huko Morogoro ana sahani nne ambazo yeye mjukuu hajawahi kulia, ni za wageni, na akauliza kwa upole kama siku ile aliyotupima kulikuwa na kitu kingine kilichofagiliwa. Nikamtajia: brashi zilikuwa mpya, visu vimenolewa, na dada mmoja mwenye mtoto mchanga tulimwambia abaki nyumbani asije akakatiza kazi kunyonyesha. Aliandika yote. Akachora mstari mmoja mrefu kwenye ukurasa wenye dakika kumi, kona hadi kona. Naapa alionekana kupata nafuu. Aliniambia baadaye kwamba kwa wiki tatu hesabu zetu zilikuwa zinamnyima raha, maana watu kumi na wawili hawazembei wote kwa kipimo kimoja, tena siku moja.

Meneja hakupata nafuu. Alisema nimelifanya banda lilipie kupimwa kwa vitu visafi. Alisema nimemwongopea. Nikamwambia nilimwongopea mtaalamu, yeye hakuniuliza. Ilikuwa kweli lakini haikusaidia.

Mtaalamu alitupima upya Ijumaa na Jumamosi, bila mtu kubakizwa jioni, na karoti za mlimani zikiwa zimevaa kila zilichokuja nacho. Jumamosi asubuhi aliomba aproni, akaketi kwenye kigoda kando ya mama mdogo, akaosha kreti moja mwenyewe. Ilimchukua dakika ishirini na mbili. Mama mdogo akaipitia na kutoa karoti tatu zenye udongo shingoni, akamrudishia mkononi. Binti akazirudia.

Viwango vikawa viwili. Cha kiangazi dakika kumi na moja, cha masika dakika kumi na nne, na meneja angegeuza ubao kufuatana na udongo, siyo kalenda. Nilimwomba cha masika kiwe kumi na tano. Akasema kumi na nne. Nikasema kumi na nne na nusu, tugawane. Akasema kumi na nne, ndivyo zilivyotoka. Mtu aliyefika mwisho wa bei yake namjua anavyokaa kwenye kiti, na yeye alikuwa amekaa hivyo. Tena ndizo nilizozitaka tangu mwanzo, ila hilo halimhusu mtu. Nikakubali kwa uso wa huzuni.

Dakika kumi na nne ni kreti thelathini kwa siku. Ishirini na nane za mama mdogo zikawa asilimia tisini na tatu, bila yeye kuongeza mwendo wala kupunguza.

Ila meneja alikuwa bado ana karata mkononi. Kreti zitapungua, akasema, na fuso lazima liwahi soko, kwa hiyo upakiaji uharakishwe. Alitaka dakika zipatikane mahali fulani. Mtaalamu akageuza karatasi nyingine, ambayo sikujua kwamba ipo. Kumbe zile siku mbili alinipima na mimi. Kumwelekeza mkulima, sekunde kadhaa. Kukagua kreti, sekunde kadhaa. Kuhesabu kreti zikipakiwa kwenye fuso. Kisha mstari wa peke yake: kuhesabu kreti mara ya pili, dakika kumi na tisa.

"Mara ya pili imewahi kukuta tofauti?" akaniuliza.

Nikafikiri kwa uaminifu, kwa kuwa wiki hiyo nilikuwa nimeshauanza. Katika miaka mitatu imekuta tofauti mara mbili. Na mojawapo, aliyekosea alikuwa mimi, kwenye kuhesabu kwa pili.

Meneja akaweka masharti yake mezani. Wiki tatu zilizopita zifutwe ubaoni, mama mdogo aanze safi na wenzake, na mimi nibaki kiongozi. Kwa upande wangu, kuhesabu mara ya pili kuondoke. Nikaomba wiki moja ya kufikiri. Akanipa mpaka chai yake iishe, na alishafika kwenye majani. Nikatazama mlangoni. Mama mdogo alikuwa anakuna brashi kwenye ukingo wa beseni, anatoa udongo, hajui kama anajadiliwa au anajifanya hajui.

"Haya," nikasema. Ndiyo mara pekee nimekubali bei ya kwanza.

Jumatatu ubao ulipanguswa. Meneja alihamisha mabeseni pia kama mtaalamu alivyoshauri, na la mama mdogo likaangukia karibu na mlango wa kupakilia, ili asibebe mbali. Saa nane na nusu fuso likajaa. Nilihesabu mara moja, nikaandika mia tatu na arobaini na moja, dereva akafunga turubai. Mikono yangu haikujua iende wapi. Nilisimama pale nikiangalia matairi, natamani mtu aniambie kitu chochote chenye tarakimu.

Nikapita karibu na mlango, kama ninayekwenda bombani.

"Ngapi?" mama mdogo akaniuliza, macho kwenye beseni.

"Mia tatu arobaini na moja."

Akamaliza karoti aliyokuwa nayo, akaipanga, akachukua nyingine.

"Ndizo," akasema. "Sasa toka hapo, unanipotezea sekunde."

Jioni ubao ulimwandikia tisini na tatu. Nilisubiri wenzangu watoke, nikasimama mbele ya ubao na kuipiga tena ile hesabu, ishirini na nane kwa thelathini. Kisha nikaipiga tena.